Daftari Lisilotegemea Bando

Anayetaka kuhamishia notsi zake kwenye seva yake mwenyewe hukimbilia kuuliza aweke programu gani. Swali linalotangulia hilo ni jingine: nani mwingine atazisoma? Kama ni yeye peke yake, mara nyingi seva yenyewe haihitajiki, na hela iliyotengwa kununua kifaa ibaki mfukoni. Kama ni wenzake wanne wa ofisini, hesabu inabadilika kabisa. Wengi huanzia upande usiofaa. Huona picha za programu inayopendeza, humtafuta fundi aisimike, na baada ya miezi miwili hurudi kwenye kaunta buku na kwenye lile kundi la WhatsApp lenye mwanachama mmoja.

Kwa mkazi wa Dodoma jambo hili halihusu wapenda kompyuta peke yao. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa mpigo, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwenye notsi zake kwenye seva za Ulaya alikuwa na simu yenye chaji, laini yenye bando, na ukurasa usiofunguka. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. Hayo ni makubwa. Madogo ni ya kila wiki: treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, ikiingia kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa mtandao unaweza kukata, na mtafiti au afisa ugani anayeshinda vijijini Bahi au Chamwino anajua kabisa ni mti upi wa kusimama chini yake ili simu ishike mnara.

Upande wa pili ni kampuni zenyewe. Evernote, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikitajwa kwanza kila palipozungumzwa notsi za kompyuta, ilitangaza Novemba 2022 kwamba inanunuliwa na Bending Spoons ya Milan, Italia. Desemba 2023 watumiaji wa bure wakawekewa ukomo: notsi 50 na daftari moja. Waliokuwa na nyingi zaidi waliendelea kuzisoma na kuzihariri, ila mpya hawakuweza kuongeza bila kulipa au kufuta. Mwenye nyumba kupandisha kodi ni haki yake. Tatizo ni pale mpangaji anapogundua kwamba hana mkokoteni wa kuhamishia vitu.

Kwa hiyo kabla hujatazama sura ya programu yoyote, ipime kwa mambo mawili. La kwanza: weka simu kwenye hali ya ndege, fungua programu, andika notsi mpya, piga picha uiambatishe, kisha tafuta notsi ya mwezi uliopita. Programu inayokuonyesha kiduara kinachozunguka imekujibu. La pili ni mlango wa kutokea. Andika notsi kumi za majaribio, zenye picha mbili na jedwali moja, kisha uiambie programu izitoe zote. Fungua kilichotoka kwa Notepad ya kawaida. Kama unasoma maandishi yako, endelea. Kama unaona msitu wa alama, programu hiyo imekufungia mlango hata kama ni huria na hata kama inakaa kwenye mashine iliyo chini ya kitanda chako. Hapo ndipo watu hujidanganya, wakidhani notsi zikiwa nyumbani basi zimeshakuwa zao.

Programu nyingi nzuri siku hizi huandika kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache: alama ya reli mwanzoni mwa mstari ni kichwa cha habari, nyota mbili kila upande ni herufi nzito, kistari ni kipengele cha orodha. Faili ya namna hiyo hufunguka kwenye kompyuta yoyote, na haihitaji kampuni fulani iwe hai.

Tuanze na aliye peke yake, mwenye simu ya Android na laptop. Huyu hahitaji seva. Anahitaji folda moja ya faili za Markdown na kitu cha kuzisawazisha kati ya vifaa viwili. Kazi hiyo inafanywa vizuri na Syncthing, programu huria ambayo haina kituo cha kati. Vifaa vyako huzungumza vyenyewe, na vikiwa kwenye mtandao mmoja wa ndani havihitaji intaneti hata kidogo. Hapa pana faida ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ataielewa upesi: laptop ikijiunga na hotspot ya simu, faili hupita kati ya vifaa hivyo viwili moja kwa moja, na bando haliguswi. Kwenye simu itabidi uiruhusu Syncthing ifanye kazi hata pale simu isipokuwa kwenye Wi-Fi, maana simu inayotoa hotspot huhesabika kuwa iko kwenye data. Itoe pia kwenye orodha ya programu zinazobanwa ili kuokoa betri, la sivyo Android itaizima kila skrini inapolala na utadhani imeharibika.

Jambo moja la kuangalia: programu rasmi ya Syncthing kwa Android iliachwa na waliokuwa wakiitunza Desemba 2024. Inayoendelea kutunzwa ni Syncthing-Fork. Fundi akikuwekea ile ya zamani kwa sababu ndiyo aliyonayo kwenye flashi, mkatalie.

Kuandikia, kwenye simu kuna Markor, nyepesi na huria, inayofungua folda yako na kuandika bila kuuliza akaunti. Anayetaka sura nzuri zaidi na viungo kati ya notsi atapenda Obsidian. Hiyo si programu huria, jambo linalowakera baadhi ya watu, lakini faili zake ni Markdown tupu ndani ya folda ya kawaida, na tangu Februari 2025 hata matumizi ya kazini hayalazimiki kulipiwa. Ukiichoka, unaifuta na folda inabaki. Mwongozo huu hauoni haja ya kuwa mkali kuliko hapo.

Mwenye iPhone ana njia nyembamba zaidi, kwa kuwa Apple haiziachii programu kuzungukazunguka kwenye faili. Huyo aende Joplin, programu huria iliyoanzishwa na Laurent Cozic, inayopatikana kwa Windows, Linux, Mac, Android na iPhone. Joplin huweka nakala kamili ya notsi zote ndani ya kila kifaa, kwa hiyo hufaulu kipimo cha hali ya ndege bila shida. Kusawazisha, inaweza kutumia Nextcloud, seva yoyote ya WebDAV, au seva yake yenyewe iitwayo Joplin Server. Hata Dropbox, kwa asiyetaka seva. Pia inapokea faili zinazotoka Evernote, jambo linalomwokoa mhamiaji.

Joplin ina tabia mbili za kuzijua mapema. Ukifungua folda yake kwenye seva hutaona "Kikao cha Jumatatu" bali faili zenye majina ya herufi na tarakimu 32 zilizochanganyika. Hazijaharibika, ndivyo inavyozitunza, na usijaribu kuzipanga kwa mkono. Pili, usimbaji fiche haujiwashi wenyewe. Unauwasha kwenye kifaa kimoja kwanza, unasubiri kisawazishe hadi mwisho, ndipo unaingiza nenosiri kwenye kingine. Nenosiri hilo likipotea hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Migongano nayo itakuja. Tuseme mtafiti ameandika hali ya shamba kwenye simu akiwa Hombolo bila mtandao, na jioni, kabla simu haijasawazisha, akaihariri notsi ileile kwenye laptop mjini. Joplin itaweka toleo moja kwenye daftari la migongano ili achague mwenyewe. Syncthing itamwachia faili mbili, moja ikiwa na maneno "sync-conflict" ndani ya jina lake. Hakuna kinachopotea, ila lazima mtu apite kusafisha. Mwenye busara hufungua notsi mpya kwa kila siku ya shambani badala ya kuirefusha ileile moja, na migongano hupungua hadi kusahaulika.

Sasa jambo ambalo ulinganisho wa programu hizi karibu haugusi kamwe, kwa sababu mara nyingi huandikwa na watu wasioandika Kiswahili: utafutaji. Injini nyingi za kutafuta hulinganisha maneno kuanzia herufi ya kwanza. Kwa Kiingereza inatosha, kwa kuwa maneno yao hubadilika zaidi mwishoni. Yetu hubadilika mbele. Ukitafuta "shamba", notsi yenye "mashamba" haitokei. Ukitafuta "mzabibu", "mizabibu" inakupita. Na "vuna" haiigusi "tulivuna" wala "wamevuna". Mtu hudhani hakuandika, kumbe aliandika.

Dawa ipo. Kwenye Joplin, ukianza utafutaji wako kwa mkwaju, kwa mfano /vuna, programu huacha faharasa yake na kuchambua maandishi herufi kwa herufi, hata katikati ya neno. Kwenye BookStack, ambayo tutaifikia, weka neno ndani ya alama za kunukuu. Na mwenye faili tupu za Markdown anaweza kutafuta kwa chombo chochote anachokipenda. Kabla ya kuamua, chukua notsi zako halisi na ujaribu mizizi mitatu ya vitenzi unavyovitumia kila siku.

Jaribu pia "Chang'ombe" na "Ng'hong'honha". Simu nyingine, iPhone hasa, hugeuza kiritifaa kilichonyooka kuwa kile kilichopinda bila kukuuliza, na kuna programu zinazoviona kuwa herufi mbili tofauti. Mji wenye majina ya Kigogo kama huu hauwezi kuvumilia hilo. Zima ugeuzaji huo kwenye mipangilio ya kibodi, kisha mwombe kila mwenzako afanye vilevile.

Turudi kwa wenye wenzao. Hapa seva ina kazi, na uchaguzi unategemea ni kitu gani kinaandikwa. Memos ni ya maandishi mafupi, kama ujumbe unaojitumia mwenyewe. Ni nyepesi sana: kontena moja ya Docker (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji), data yote katika faili moja ya SQLite, na kompyuta dhaifu kabisa inaibeba. Lakini hutumiwa kupitia kivinjari, kwa hiyo ukiwa mbali na seva huna kitu, na matoleo yake yamekuwa yakibadilika haraka kiasi cha kuziacha nyuma programu za simu zilizotengenezwa na watu wengine. Trilium ni ya mtu mwenye akili ya mti, anayetaka tawi ndani ya tawi. Mwanzilishi wake alitangaza mwanzoni mwa 2024 kwamba anabaki kwenye matengenezo tu, na jamii ya watumiaji ikaichukua kwa jina la TriliumNext. Hadithi hiyo iliisha vizuri, lakini inafundisha kutazama kitu kimoja kabla ya kusimika chochote: tarehe ya toleo la mwisho, na idadi ya watu wanaoandika msimbo. Programu inayobebwa na mtu mmoja ni ya kupendwa kwa tahadhari.

Nextcloud, iliyojitenga na ownCloud mwaka 2016, ni mzigo mzito kuliko hizo kwa sababu ni ofisi nzima: faili, kalenda, anwani, na notsi ndani yake. Uzuri wake ni kwamba sehemu ya notsi huziweka kama faili za maandishi ndani ya folda ya kawaida, na programu yake ya Android hufanya kazi bila mtandao kisha ikasawazisha baadaye. Kama kikundi chenu kinahitaji pia mahali pa kuweka nyaraka na picha, anzeni hapo na msisimike kitu cha pili. Kama mnahitaji notsi tu, ni kama kuchinja ng'ombe kwa ajili ya supu ya mtu mmoja.

BookStack ndiyo inayofaa zaidi pale maandishi yanapokuwa ya kudumu na ya wengi. Ilianzishwa mwaka 2015 na Dan Brown wa Uingereza (si yule wa riwaya), na mpangilio wake haumsumbui mtu yeyote aliyewahi kuingia maktaba: rafu, vitabu, sura, kurasa. Chukua kikundi cha wakulima wa zabibu, zao ambalo Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Rafu iwe ya kijiji, kitabu kiwe cha shamba, sura iwe ya msimu. Ndani ya sura ya msimu mmoja kuna ukurasa wa tarehe ya kupogoa, wa dawa iliyopigwa dhidi ya ubwiri unga, jina la dawa na kipimo chake, na wa kilo zilizopelekwa kwa mnunuzi. Msimu ujao katibu mpya anafungua sura iliyotangulia na anajua dawa ilipigwa siku ngapi kabla ya mavuno. BookStack hutunza kila toleo la ukurasa, huonyesha nani alibadilisha nini, na humpa mwenye haki ya kusoma haki ya kusoma tu. Hutoa kurasa kwa PDF na kwa Markdown.

Udhaifu wake ni ule wa Memos: bila seva hakuna ukurasa. Shambani watu waandike kwenye Markor, au kwenye kaunta buku, halafu wakirudi wanahamishia. Kwa kikundi hilo si kero kubwa kama linavyosikika, kwa sababu anayehamisha hupata nafasi ya kusahihisha.

Ukishajua programu, ndipo unafikiria mashine. Ushauri ambao mafundi hawapendi kuutoa, kwa kuwa hauwauzii kitu: tumia laptop kuukuu. Ile yenye kioo kilichopasuka au kibodi iliyomwagikiwa chai inatosha kabisa, na inakuja na kitu ambacho Raspberry Pi haina, yaani betri. Umeme ukikatika saa mbili usiku, yenyewe inaendelea bila kujua. Kagua tu betri isiwe imevimba, na uweke mpangilio wa kutolala kifuniko kinapofungwa. Ukinunua kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika, mojawapo ya zile za ukubwa wa kitabu ambazo maofisi ya nje huziuza kwa jumla, ingia kwenye BIOS na uiambie iwake yenyewe umeme unaporudi. Bila hiyo, kila luku inapoisha seva italala hadi mtu arudi kutoka Mtumba jioni kubonyeza kitufe.

Raspberry Pi ni nzuri na hula umeme kidogo, lakini usiweke data kwenye memori kadi. Kukatika kwa umeme wakati kadi inaandikwa ndiyo njia ya haraka ya kupoteza kila kitu, na kadi huchoka mapema kwa kuandikwa mfululizo. Iunganishe na SSD ndogo kwa waya wa USB, na tumia adapta yake halisi: Pi 4 inataka ampea 3 kwa volti 5, Pi 5 inataka 5. Chaja ya simu ya mtaani itaiwasha, kisha itaifanya iyumbe kwa namna ambayo hakuna fundi atakayeielewa.

Hesabu ya umeme ni rahisi. Mashine inayokula wati 10 mchana na usiku hutumia uniti 7.2 kwa mwezi. Kwa ofisi si kitu. Kwa nyumba iliyo kwenye daraja la D1, lile la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ni karibu sehemu ya kumi ya nafasi yote, kwa hiyo angalia matumizi yako kabla hujajisukuma nje ya daraja. Kumbuka na ruta. Seva yenye betri na ruta isiyo nayo ni chumba chenye taa kilichofungwa mlango, na UPS ndogo za volti 12 kwa ajili ya ruta zipo na hazina gharama kubwa.

Halafu vumbi. Uwanda wa kati una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo upepo unaanza kazi yake. Feni ya kompyuta iliyowekwa sakafuni karibu na dirisha huko Nzuguni au Ihumwa itakuwa imeziba kabla ya Oktoba, mwezi ambao joto nalo linapanda. Iweke juu ya kabati, mbali na dirisha, usiifunike kitambaa kwa kuihurumia, na isafishe kwa brashi na hewa kila baada ya miezi michache.

Kuifikia seva ukiwa nje ya nyumba ndipo wengi hukwama. Laini za data za simu kwa kawaida hazikupi anwani yako ya pekee kwenye intaneti. Mnashiriki na wateja wengine, kwa hiyo hakuna mtu wa nje anayeweza kubisha hodi. Njia inayozoeleka ni kujenga njia ya faragha kati ya vifaa vyako kwa WireGuard, au kwa Tailscale ambayo imejengwa juu yake na ni rahisi kuisimika. Kiufundi hiyo ni VPN, na nchini Tanzania VPN ina sharti lake: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo ikiwataka watu na taasisi zinazozitumia kutoa taarifa zao na kusajiliwa kabla ya Oktoba 30 mwaka huo. Jisajili TCRA kabla ya kuwasha chochote. Au fanya kama wengi wanavyoweza kufanya bila kujua: acha seva isifikike kabisa kutoka nje, na vifaa visawazishe vinaporudi nyumbani au ofisini jioni. Kwa programu inayotunza nakala kwenye simu, hiyo inatosha, na wadukuzi hawana pa kuanzia.

Kukodi seva ya nje nako kunawezekana. Unaepuka hesabu ya umeme na vumbi, ila unarudisha lile tatizo la Mei 2024.

Sheria haiishii kwenye VPN. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Notsi zako kuhusu mahari ya mdogo wako ni zako. Rejesta ya kikundi yenye majina, namba za simu na namba za NIDA za wanachama ni jambo jingine: anayekusanya na kuchakata taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti. Seva iliyopo Dodoma inakupunguzia sehemu ya pili ya maumivu hayo, si ya kwanza.

Na kwa kuwa mji huu umejaa watumishi wa umma, la mwisho kuhusu sheria ni lao. Dokezo la kikao cha wizara halina nafasi kwenye laptop kuukuu iliyo sebuleni Kisasa, hata usimbaji fiche uwe wa namna gani. Serikali ina Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019, na ina mifumo yake, ikiwemo e-Ofisi, na nyaraka za kazi zinakaa huko. Notsi zako za masomo, za shamba, za kujifunza lugha na za ujenzi wa nyumba zinatosha kuipa seva yako kazi.

Bakapu ni mahali ambapo usahili wa faili tupu unalipa. Folda ya Markdown unainakili tu. Hifadhidata ya SQLite, ile ya Memos au Trilium, haipaswi kunakiliwa huku programu ikiandika ndani yake, kwa sababu pembeni mwake huwa kuna faili ndogo ya muda inayoishia na "-wal" ambayo bado ina maandishi ya hivi karibuni. Zima kontena kwanza, nakili, kisha uiwashe. Au tumia amri ya SQLite yenyewe ya kutoa nakala. Ratibu bakapu ifanyike saa nane usiku. Nakala ya kwanza ikae kwenye diski nyingine ndani ya nyumba, ya pili isiwe kwenye nyumba hiyo kabisa: diski iliyofungwa kwa nenosiri inayokwenda kwa ndugu Mpwapwa kila mwisho wa mwezi ni bakapu halali kama nyingine yoyote. Kisha, mara moja kila msimu, ichukue nakala hiyo uijaribu kwenye kompyuta nyingine hadi uone notsi zako zikifunguka na picha zake.

Kwa kikundi au ofisi, kimebaki kitu ambacho hakimo kwenye maelekezo ya programu yoyote. Dodoma watu huhamishwa. Barua ya uhamisho wa kwenda Katavi inaweza kutoka Ijumaa, na mtu anayejua nenosiri la seva akawa kwenye basi Jumatatu. Tangu siku ya kwanza wawe wasimamizi wawili, kila mmoja na akaunti yake. Karatasi moja iandikwe mashine iko wapi, imewekewa programu gani na toleo gani, bakapu ziko kwa nani, na nenosiri la usimbaji fiche ni lipi. Itiwe kwenye bahasha, ifungwe kwa gundi, isainiwe juu ya mfuniko, na ikabidhiwe kwa mtu wa tatu ambaye hajui kompyuta kabisa lakini ana kabati lenye kufuli.